Nepi na Jiko Visilale Pamoja
Mazungumzo ya afya: kukausha nguo nyumbani bila kuleta moto

Kama uko jikoni au unafua, endelea na kazi yako, lakini tega sikio. Leo hatuzungumzii malaria wala chanjo. Tunazungumza juu ya kazi unayoifanya kila siku, ambayo pengine hujawahi kuifikiria kuwa jambo la afya. Tunazungumza juu ya kukausha nguo.

Unajua jinsi mambo yanavyokuwa mvua inapoanza. Mvua ndefu hutushika kuanzia Machi hadi Mei, na ile fupi kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kwa wenzetu wa Limuru, Molo na Kericho, hata Julai huwa na ukungu na baridi, na nguo hukaa kambani siku mbili bila kukauka. Na mtoto mchanga hangojei jua. Anaweza kuchafua nepi nane au kumi kwa siku. Kufikia jioni, ndoo imejaa nepi zilizofuliwa, kabati haina hata moja kavu, na mtoto analia.

Hapo mama hufanya nini? Hutazama jiko. Chakula kimekwisha kupikwa, lakini makaa bado yana joto. Anavuta kiti karibu, anatandaza nepi mbili kwenye mgongo wa kiti, nyingine anazitundika kwenye kamba iliyopita juu ya jiko. Anajiambia, "Hili joto lisipotee bure." Kisha analala.

Hatumlaumu mama huyo. Anachotafuta ni kitu kizuri: mtoto alale pakavu, asipate vipele na baridi. Lakini kuna jambo ambalo huenda hakuna aliyemweleza, nalo ndilo tunataka ulishike vizuri leo. Nguo haina hatari kubwa wakati imelowa. Hatari huanza pale inapokauka. Na mara nyingi inapokauka, wewe umeshalala.

NGUO MBICHI INATUDANGANYA

Fikiria sufuria ya maharagwe. Ukiyaweka motoni na maji mengi, yatachemka saa nzima na hayataungua. Kwa nini? Kwa sababu joto la moto linatumika kuyageuza maji kuwa mvuke. Maji yakishaanza kuchemka, joto ndani ya sufuria halizidi nyuzi 100 hivi, hata uongeze makaa. Lakini siku ukisahau, maji yakaisha, nini hutokea? Kwa dakika chache tu unasikia harufu. Maharagwe yanaungua, na moto ni ule ule.

Nguo iliyo karibu na jiko ni vivyo hivyo. Mradi ina maji, maji hayo yanailinda. Joto linakuja, maji yanatoka kama mvuke, na nguo yenyewe haipati joto kali. Unaigusa, unaona ni vuguvugu tu, unasema, "Iko salama." Saa moja baadaye unaigusa tena, bado ni mbichi, bado ni salama. Basi unaamini kwamba pale ulipoiweka ni mahali pazuri.

Lakini tone la mwisho likishatoka, hakuna tena kinachoilinda. Joto lililokuwa likikausha maji sasa linaingia kwenye kitambaa chenyewe. Kinaanza kupata rangi ya kahawia. Kinatoa moshi kidogo. Kisha cheche moja au kaa moja jekundu linatosha.

Tena nguo haikauki mahali pote kwa wakati mmoja. Pembe nyembamba hukauka kwanza, huku mshono na kiuno vikiwa bado vimelowa. Mama anagusa kiuno cha suruali, anakuta ni kibichi, anaiacha palepale. Kumbe mguu wa suruali ulioning'inia karibu na jiko umekauka kitambo.

Kwa hiyo usiseme, "Nguo yangu imelowa, haiwezi kushika moto." Sema, "Nguo yangu imelowa sasa. Je, itakapokauka, nani atakuwa macho?"

JINSI MOTO UNAVYOANZA

Mara nyingi watu hudhani ni lazima mtu awe amefanya uzembe mkubwa. Sivyo. Hebu tuone njia nne za kawaida.

Ya kwanza ni nguo kuanguka. Nguo mbichi ni nzito, hukaa mahali ulipoiweka. Ikikauka huwa nyepesi. Upepo mdogo wa mlangoni, paka akipita, au hewa moto inayopanda kutoka jikoni, vyote vinaweza kuisogeza. Nepi iliyotulia saa mbili za usiku inateleza saa nane za usiku, na inaangukia kwenye makaa.

Ya pili ni kamba kukatika. Kamba nyingi tunazotumia ni za nailoni au plastiki. Kamba kama hiyo ikipita juu ya jiko hulainika kwa joto, halafu huyeyuka. Ikikatika, haiangushi nguo moja. Inaangusha zote.

Ya tatu ni majivu kutudanganya. Makaa yakifunikwa na majivu huonekana kama yamezima. Lakini majivu ni kama blanketi: yanaweka joto ndani. Ukiyafukua baada ya saa nyingi unakuta kaa bado ni jekundu. Ndiyo maana nyanya zetu waliweza kuhifadhi moto wa usiku na kuuwasha tena alfajiri. Basi usiwekee jiko nguo kwa kuwa tu huoni mwali.

Ya nne ni koroboi na mshumaa. Bado ziko nyumba zinazotumia taa ya mafuta, na hata penye stima taa hupotea mvua ikinyesha. Mshumaa unawekwa juu ya meza, na juu ya meza kuna kamba ya nguo. Mwali ni mdogo, lakini hewa moto hupanda moja kwa moja juu. Nguo iliyo juu ya mwali hupata joto kuliko ile iliyo kando yake.

Neti ya mbu nayo tuikumbuke. Neti yenye dawa ikifuliwa huanikwa kivulini, si kwenye jua kali, na kwa sababu hiyo wengine huianika ndani. Ni vizuri kuianika ndani, lakini iwe mbali na jiko na taa. Neti ni nyepesi, ina matundu ya kupitisha hewa, na moto huipanda upesi. Ikishika moto huyeyuka na kudondokea wanaolala chini yake.

Na nguo za kazi za baba, kama ni fundi wa magari au anauza mafuta, zisikaribie jiko kabisa. Mvuke wa petroli husafiri hewani na unaweza kuufikia moto hata kama nguo yenyewe iko mbali. Zianike nje, penye hewa, kabla na baada ya kuzifua.

HEWA YA SUMU ISIYO NA HARUFU

Kuna hatari nyingine inayokuja na jiko la kukaushia nguo, nayo haina mwali wala moshi. Mtu anapotaka nguo zikauke usiku, huingiza jiko la makaa ndani, hufunga dirisha ili joto lisitoke, na hufunga mlango kwa usalama. Makaa yanayowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi inayoitwa kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haikohozeshi. Huingia katika damu na kuchukua nafasi ya hewa safi ya oksijeni. Inashikamana na damu kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Mwili unakosa hewa huku mtu akiendelea kupumua kama kawaida.

Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuishiwa nguvu na usingizi mzito. Watu wengi hudhani ni homa au chakula kibaya. Ishara ya kutilia maanani ni hii: kama watu wote waliomo nyumbani wanaumwa na kichwa kwa wakati mmoja, na kuna jiko la makaa ndani, usingoje. Toeni kila mtu nje kwenye hewa safi, mkianza na watoto, kisha nendeni hospitali mara moja. Mama mjamzito aende hata kama anajisikia nafuu, kwa sababu mtoto aliye tumboni huathirika zaidi.

Kwa hiyo jiko la makaa likimaliza kupika, litoke nje. Lisilale na watu, na lisilale na nguo. Liweke mahali ambapo mvua haifiki na mtoto hafiki.

BASI NGUO ZIKAUKE VIPI?

Sasa utaniuliza, "Umenikataza jiko, na mvua inanyesha. Mtoto avae nini?" Ni swali la haki. Haya hapa mambo unayoweza kufanya bila moto, na mengi hayana gharama.

Kwanza, toa maji mengi kadiri uwezavyo kabla ya kuanika. Nguo ikamuliwe na watu wawili, mmoja akishika upande huu na mwingine upande ule, wakisokota. Kisha tandaza taulo kavu, weka nepi juu yake, viringisha kama chapati, na ukanyage au ukandamize kwa magoti. Taulo litanyonya maji ambayo mikono haikuweza kutoa. Nepi iliyofanyiwa hivi hukauka mapema zaidi kuliko ile iliyokamuliwa kwa mkono tu.

Pili, fua kidogo kidogo kila asubuhi. Ukiweka nguo za wiki nzima zifuliwe Jumamosi, na Jumamosi mvua ikinyesha, umekwama. Ukifua nepi za jana leo asubuhi, hata jua la saa mbili tu litakusaidia.

Tatu, tumia upepo. Wengi tunadhani jua ndilo hukausha nguo, lakini upepo pia hukausha, hata siku ya mawingu. Funga kamba chini ya upenu au barazani, mahali mvua haifiki lakini hewa inapita. Kama mnaishi katika ploti, zungumzeni na wenzenu na mwenye nyumba. Mabati machache au karatasi ngumu ya plastiki juu ya kamba moja inaweza kuwasaidia akina mama wote wa ploti. Hakikisheni kamba hiyo haigusi wala kukaribia waya wa stima. Na isiwe ya chuma. Watu wamepoteza maisha wakianika nguo kwenye kamba ya chuma iliyoguswa na waya uliochubuka.

Nne, acha nafasi kati ya nguo na nguo. Nepi kumi zilizobanana hukauka polepole kuliko nepi tano zilizoachana. Geuza nguo nzito ndani nje, ili mifuko na mishono ipate hewa.

Tano, usiku ukiingiza nguo ndani, zitundike upande wa dirisha, na uliache dirisha wazi kidogo. Maji yanayotoka kwenye nguo lazima yapate pa kwenda. Yakibaki ndani, ukuta hupata unyevu na kuvu, na mtoto mwenye pumu hukohoa zaidi.

Sita, chagua vitambaa vyepesi. Leso kuukuu ya pamba, ikikatwa vipande na kukunjwa mara kadhaa, hunyonya vizuri na hukauka upesi kuliko taulo nene. Kabla mtoto hajazaliwa, ni afadhali kuwa na nepi nyepesi nyingi kuliko nene chache. Mama mwenye nepi ishirini halazimiki kukausha usiku.

Saba, malizia kwa pasi. Nepi iliyobaki na unyevu kidogo inaweza kupigwa pasi hadi ikauke. Pasi ina faida nyingine: katika sehemu zenye nzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa, joto la pasi huyaua mayai hayo kabla funza hajaingia kwenye ngozi ya mtoto. Ukitumia pasi ya makaa, piga pasi mlangoni au nje penye hewa, na usiiache juu ya nguo hata kama umeitwa kidogo tu.

Na kama hakuna njia nyingine, na ni lazima utumie joto la jiko wakati unapika? Basi shika sheria tatu. Nguo iwe umbali wa hatua moja kubwa, yaani mita 1 au zaidi, tena kando ya jiko na si juu yake. Awepo mtu mzima macho, ndani ya chumba hicho hicho. Na mtu huyo akitoka au akitaka kulala, nguo ziondoke kwanza. Chumba cha futi 10 kwa 10 ni kidogo, tunajua. Ukipima mita 1 kila upande wa jiko, utaona nafasi iliyobaki ni ndogo mno, na kitanda kiko hapo hapo. Ndiyo sababu njia bora ni jiko kutoka nje.

KWA WENYE STIMA

Hita ya umeme si kamba ya nguo. Ukitandaza nguo juu yake, hewa haipiti, joto linajikusanya, na nguo inaungua. Mita 1 ile ile inahusika hapa, na hita izimwe kabla ya kulala. Nguo zinazodondosha maji zisiwe juu ya soketi, waya wa ekstensheni au televisheni. Nyuma ya friji pia si mahali pa kukaushia soksi. Friji inahitaji hewa hapo, na maji na stima havipatani.

Sasa kuna mashine za kukaushia nguo. Kwetu si nyingi, lakini ziko katika baadhi ya nyumba za mijini na kwa wafuaji wa biashara. Tena wako dada zetu na binti zetu wanaofanya kazi katika nyumba za Saudi Arabia, Qatar na nchi nyingine za Ghuba, ambako huenda wakakabidhiwa mashine hiyo siku ya kwanza bila maelezo. Kama una binti huko, mpelekee ujumbe huu.

Mashine hiyo hupuliza hewa moto ndani ya nguo zinazozunguka. Kila zinapozunguka, nguo huacha nyuzi laini sana, kama pamba. Nyuzi hizo hukusanyika kwenye chujio, na nyingine huingia ndani ya bomba la kutolea hewa. Zikijaa, hewa moto haina pa kutokea. Joto linapanda, na nyuzi kavu zenyewe ni kama kibiriti. Huko Marekani, ambako nyumba nyingi zina mashine hizi, idara ya serikali inayoshughulikia moto ilikadiria kwamba kati ya 2008 na 2010 zilisababisha moto 2,900 hivi majumbani kila mwaka. Sababu iliyoongoza ilikuwa kutosafisha.

Basi ukitumia mashine hiyo, toa nyuzi kwenye chujio kila mara, kabla ya kuweka nguo nyingine. Usiiwashe ukaenda kulala au sokoni. Usiweke ndani vitu vya mpira, mto wa sponji, wala vitambaa vyenye mafuta ya kupikia, mafuta ya kukandia mwili au petroli. Kitambaa chenye mafuta kinaweza kuendelea kupata joto chenyewe hata baada ya kutolewa na kurundikwa kikapuni. Iache mashine imalize mzunguko wake wa kupoza. Na ukiona nguo zinachelewa kukauka kuliko kawaida, au ukasikia harufu ya kuungua, izime, uitoe kwenye stima, na umwite fundi. Kuchelewa kukauka ni dalili kwamba hewa imeziba.

Umeona? Iwe ni nepi juu ya kiti Molo au mashine katika jumba kubwa, jambo ni lile lile: joto, kitambaa kikavu, na hakuna anayetazama.

MOTO UKITOKEA

Okoa watu kwanza. Kama moto ni wa nepi moja tu, maji yanatosha, au blanketi zito lililoloweshwa. Lakini usimwagie maji moto wa mafuta ya taa wala mahali penye stima. Moto ukipanda kwenye pazia, kitanda au dari, acha kila kitu. Toka na watoto, mkiinama chini ya moshi, funga mlango nyuma yenu, na piga kelele majirani wasikie. Piga simu 999 au 112. Ukishatoka, usirudi ndani kuchukua chochote.

Mtoto akishika moto kwenye nguo, asikimbie. Kukimbia kunauchochea moto. Mlaze chini, mbiringishe, mfunike kwa blanketi la pamba au sufi, si la nailoni.

Kisha mwagia mahali palipoungua maji safi ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, kwa dakika 20. Usitumie barafu. Kama huna bomba, mimina kwa kikombe polepole. Huku ukipoza kidonda, mfunike sehemu nyingine za mwili ili mtoto asipate baridi. Vua nguo iliyoungua, lakini ile iliyoshikamana na ngozi iache. Funika kidonda kwa kitambaa safi, halafu mpeleke hospitali.

Usipake dawa ya meno, ute wa yai, unga, siagi wala udongo. Vitu hivi huzuia joto kutoka, huleta uchafu kwenye kidonda, na daktari atalazimika kuvikwangua huku mtoto akiumia mara ya pili. Mtoto mchanga aliyeungua, hata kidogo, apelekwe hospitali. Vivyo hivyo aliyeungua usoni, mikononi, miguuni au sehemu za siri, mwenye kidonda kikubwa kuliko kiganja chake, au aliyevuta moshi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 180,000 hivi hufa kila mwaka duniani kwa kuungua, wengi wao katika nchi zenye kipato kidogo na cha wastani kama yetu. Wengine wengi hupona, lakini hubaki na makovu na vidole vilivyojikunja. Ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yetu. Joto ambalo wewe ungelivumilia kidogo, kwake huingia ndani mara moja.

NENO KUHUSU MLANGO

Kuna jambo moja gumu, na tunalisema kwa upole. Wako akina mama wanaoamka alfajiri kwenda kutafuta kibarua, na hawana wa kumwachia mtoto. Hufunga mlango kwa kufuli nje, ili mtoto asipotee na mtu mbaya asiingie. Tunaelewa hofu hiyo. Lakini fikiria nyumba iliyofungwa kwa nje, madirisha yana vyuma, jiko la chai ya asubuhi bado lina moto chini ya majivu, na nepi ziko kambani. Majirani watasikia kilio, lakini watafanya nini?

Jaribuni kusaidiana. Akina mama watatu au wanne wa ploti moja wanaweza kupeana zamu, au kumchangia nyanya mmoja wa mtaa awatazame watoto. Na kama siku moja imekushinda kabisa, usiondoke kabla jiko halijatolewa nje, koroboi na mshumaa havijazimwa, na ufunguo haujabaki kwa jirani anayeshinda nyumbani. Vivyo hivyo usiku: mkifunga mlango kwa ndani, ufunguo ukae mahali pamoja ambapo kila mtu mzima anapajua hata gizani.

KABLA YA KULALA

Mama msikilizaji, leo usiku, kabla hujazima taa, zunguka nyumba yako na ujiulize maswali manne. Jiko liko wapi? Nguo ziko wapi? Dirisha liko wazi kidogo? Ufunguo uko wapi? Haitakuchukua hata dakika mbili. Wafundishe watoto wakubwa nao waulize. Mfundishe dada wa nyumbani siku ile ile anapoanza kazi, na usimwambie tu "usifanye". Mweleze habari ya sufuria ya maharagwe, ajue sababu.

Na kama kukicha nepi bado zina unyevu, mwazime jirani mbili. Kesho na yeye ataazima kwako. Hakuna aibu katika nepi ya kuazima.

YA KUKUMBUKA
Nguo iliyolowa inalindwa na maji. Ikikauka, hailindwi na kitu.
Kamba ya nguo isipite juu ya jiko, taa wala mshumaa.
Jiko la makaa likimaliza kupika, litoke nje.
Kamua, viringisha kwenye taulo, anika penye upepo.
Mashine ya kukaushia isafishwe chujio kila mara, na isiachwe ikifanya kazi peke yake.
Aliyeungua amwagiwe maji dakika 20, asipakwe kitu, apelekwe hospitali.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI
1. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, nguo za mtoto wako hukaukia wapi? Je, mahali hapo pako umbali gani kutoka jikoni?
2. Kwa nini mtu anayegusa nguo na kukuta ni mbichi anaweza kudanganyika?
3. Katika ploti au kijiji chenu, ni wapi mnaweza kuweka kamba moja yenye paa kwa ajili ya wote?
4. Ni nani ana ufunguo wa nyumba yako wakati haupo?

Ulale salama, na nguo zako zilale mbali na jiko.